Waya Uliokuwa Bunda

Jumamosi, 13 Februari

Matrida amekuja. Sikumtarajia. Mara ya mwisho ilikuwa Krismasi, na siku ile alikaa sebuleni kama mtu anayengoja kuitwa na karani, akaondoka kabla wali haujapoa. Leo amebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Nikamwambia karibu. Sikujua neno jingine.

Hatujaachana. Hakuna aliyetamka hilo neno. Tulipomzika mtoto wetu Jenipher mwaka juzi, Matrida aliomba uhamisho mwenyewe, akapelekwa Butiama kuwa afisa ugani. Amepanga chumba kwa mama mmoja mjane anaitwa Dorkas. Mimi nimebaki hapa Iringo, Musoma, na karakana yangu ya kompyuta kwenye chumba cha mbele. Watu wakiuliza, tunasema ni kazi.

Alitoa kwenye mkoba kikompyuta cha mkononi, kile kinachoandikiwa kwa kijiti juu ya kioo. Mradi wa mihogo umempa. Ametembea nacho mashamba ya Butiama yote hadi Guta, akiandika mhogo upi ni mzima na upi una batobato, ule ugonjwa wa kukunja majani. Pingili za kupanda masika hii zitakatwa kwenye mashamba aliyoyaandika kuwa ni safi.

"Inatakiwa iingie kwenye kompyuta," alisema. "Waya wake sina. Wanasema hata kwa Bluetooth inaingiaga. Nikasema, Baba Jeni ataweza."

Bado ananiita Baba Jeni. Na mimi namwita Mama Jeni. Hatuna majina mengine.

Jumapili, 14 Februari

Kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux. Nilihamia huko baada ya virusi vya flash za wateja kunimaliza. Ni nzuri, ila haikubembelezi: kitu kikikataa, kimekataa, utafute mwenyewe sababu. Nimechomeka kidude cha Bluetooth, nikaiamuru itafute. Iliziona simu za majirani wawili na haikuiona mashine ya Matrida, iliyokuwa imelala juu ya kibodi. Baada ya misa nikagundua mashine yenyewe ilikuwa imewekwa isionekane. Nikairuhusu ionekane. Ikaonekana. Ikaishia hapo.

Matrida amerudi Butiama na mashine yake. Amesema atakuja Jumamosi.

Jumatano, 17 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimefunga karakana mapema.

Jumamosi, 20 Februari

Amekuja. Leo mashine na kompyuta zimekubali kufahamiana. Shida ilikuwa namba ya siri: mashine inaiuliza, kompyuta haijibu kwa sababu haina mahali pa kuiandikia. Nimeiandika kwenye faili la mipangilio, zote mbili zikaafiki. Nilidhani tumemaliza. Matrida akabonyeza kitufe cha kusawazisha, kile cha kuhamishia habari. Ikasema inaunganisha. Ikasema hivyo hivyo mpaka uji ukaiva, ndipo ikasema imeshindwa.

"Si mbaya," alisema. "Wiki iliyopita haikusema hata hicho."

Amelala chumba cha Jeni. Hakuuliza, sikumwambia asilale huko. Nilisikia anafungua dirisha ambalo mimi sijalifungua tangu msiba.

Jumanne, 23 Februari

Mvua ya kwanza. Ndogo.

Jumamosi, 27 Februari

Hakuja. Ameandika kwa simu: "Niko Bunda ofisi ya mradi. Tuna kikao na Samweli." Huyu Samweli ndiye mtu wa takwimu wa mradi. Nimelisikia jina lake mara nyingi mwezi huu. Samweli amesema hivi, Samweli anaelewa mambo ya vijijini. Nilimwona mara moja, mrefu, shati limepigwa pasi hadi mikono. Hana mke, nadhani.

Nimekaanga furu, visamaki vya ziwani, nikala peke yangu.

Jumapili, 28 Februari

Sikwenda misa.

Jumamosi, 6 Machi

Amekuja amelowa miguu. Mvua imeshika. Tumejaribu mchana wote. Kila akibonyeza, kompyuta yangu inaita, mashine inaita, na hakuna anayepokea. Nilikasirika nikapiga meza. Yeye hakushtuka. Aliiweka mashine mbele yangu.

"Nakuachia wiki hii. Mimi nina semina na wakulima, siihitaji. Lori la pingili linatoka Bunda Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili, orodha ifike kabla. Wakikata bila orodha watakata popote."

"Kwani Samweli hawezi kukusaidia?" Nilisema hivyo kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida.

Alinitazama. "Samweli ameenda Morogoro kusoma. Amefunga ofisi mpaka mwezi wa nne."

Nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 8 Machi

Umeme hamna.

Jumanne, 9 Machi

Nilidhani tatizo ni ruhusa. Nimeipa kompyuta ruhusa zote. Imekataa.

Jumatano, 10 Machi

Imekubali.

Siku zote hizi nilikuwa naiamuru kompyuta iipigie mashine, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Mashine ndiyo inayopiga. Kompyuta inatakiwa itangaze kwamba huduma ya kusawazisha inayo, ifungue njia, kisha inyamaze ingoje. Nikaandika amri ya kutangaza. Nikaandika ya kungoja. Ndipo nikabonyeza kitufe kwenye mashine, na majina yakaanza kupita kwenye kioo changu kama mto: mkulima, kijiji, ukubwa wa shamba, hali ya mhogo. Mashamba mia tatu na ushee. Nilisimama. Kulikuwa na mteja karakanani, nikampa mkono, naye hakujua nampongeza kwa nini.

Nikachukua simu. Nikaandika, "Mama Jeni, imekubali." Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma.

Nikajiuliza: akishapata orodha, atakuja Musoma kufanya nini? Jumamosi hizi nimeosha vyombo kabla hajafika. Nimenunua sabuni ya kuogea. Jumamosi iliyopita alikunja nguo zangu zilizokuwa kwenye kamba bila mtu kumwomba. Yote hayo yameletwa na hiki kidude kukataa. Kikikubali, ataniambia asante, atakiweka kwenye mkoba, nami nitangoja Krismasi nyingine.

Lori ni tarehe ishirini na mbili. Siku zipo. Nikimpa tarehe ishirini na moja jioni, hakuna aliyepungukiwa kitu.

Nikafuta ule ujumbe.

Alhamisi, 11 Machi

Mvua kutwa.

Jumamosi, 13 Machi

Aliuliza akiwa bado mlangoni. "Vipi?"

"Imekataa," nikasema.

Alivua kandambili, akakaa, akafikiri. Nilitegemea atalaumu. Akasema, "Basi nitakusomea, uandike. Tutafanyaje? Watu wanangoja mbegu."

Ndivyo tulivyofanya. Alisoma kutoka kwenye kile kioo kidogo, mimi nikaandika kwenye kompyuta ambayo ndani yake kila neno lilikuwepo tayari. Mvua ikaja juu ya bati, sauti yake ikapotea, akasogeza kiti. Ikazidi, akasogeza tena, mpaka akawa ananisomea karibu na sikio.

"Mayala, nusu eka, safi. Huyu ana wake wawili hawasalimiani, kila mmoja na matuta yake. Ya mke mdogo ndiyo safi."

"Niandike na hilo?"

Akacheka. Matrida alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa anaziba mdomo kwa kiganja.

Kila shamba lilikuwa na habari yake. Mzee aliyempa kuku. Dada aliyelia alipoambiwa mihogo yake yote ina ugonjwa. Mama Dorkas, mwenye nyumba wake, ambaye hakupata kitu mwaka jana na sasa ameshalima robo eka nyuma ya nyumba, iko tupu, inangoja pingili za mradi.

"Kila asubuhi anaenda anaiangalia," alisema. "Udongo mtupu, anauangalia tu."

Jioni nilinunua sato, akaunga kwa nazi ya dukani. Tukala kwenye sahani moja. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumapili, 14 Machi

Tuliendelea baada ya misa. Tulipofika nusu, akanyamaza. Nikadhani kijiti kimeanguka.

"Baba Jeni. Chumba chake una mpango gani nacho?"

Vidole vyangu vilikuwa kwenye kibodi. Daktari alitueleza zamani kwamba selimundu ya Jeni, ule ugonjwa wa damu, ilitoka kwetu sote wawili, nusu yangu na nusu yake, na kwamba mtoto mwingine angeweza kuipata vilevile. Tangu siku ile kuna maneno ambayo tukiyakaribia, mmoja wetu anatoka nje. Leo yeye hakutoka. Alikaa anangoja.

"Tuendelee kusoma," nikasema.

Akasoma. Jina moja, mawili. Kisha akasema gari litamwacha.

Alhamisi, 18 Machi

Barabara imejaa maji. Wateja hamna.

Jumamosi, 20 Machi

Alifika saa nne. Tulikunywa chai. Nilikuwa nimeamua kwamba kesho jioni "nitafanikiwa", nitamwita kutoka jikoni kwa mshangao. Hata uso nilikuwa nimeuandaa.

Simu yake ikalia. Alisikiliza muda mrefu. Alisema, "Alhamisi? Alhamisi hii?" Kisha, "Na mlikata wapi?" Kisha akaiweka simu juu ya meza taratibu.

Lori limeshaondoka. Kwa sababu mvua imewahi na barabara zinakatika, waliona wasingoje Jumatatu. Waliondoka Alhamisi. Orodha hawana, mwenye ofisi yuko Morogoro, wakaenda kukata kwenye lile shamba kubwa la Guta walilokata mwaka jana.

"Lile shamba ni batobato tupu," alisema. "Nililiandika. Limo humu." Aliishika mashine kwa mikono miwili. "Limo humu, katika yale tuliyokuwa hatujasoma. Wamewapelekea Butiama. Wamempelekea Mama Dorkas. Mimi niko vijijini tangu Jumatano; jana alinipigia anashukuru, nikadhani anashukuru kwa jingine, mtandao ulikuwa unakatika."

Nilisema labda si yote yana ugonjwa. Hakunisikia. Alikuwa ameshika kile kijiti, anabonyeza bonyeza kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono. Akabonyeza alama ya kusawazisha. Sijui kwa nini, labda kujaribu mara ya mwisho. Kabla ya kuita, mashine ile huandika juu ya kioo lini iliunganishwa mara ya mwisho, na kama ilifaulu.

Alisoma. Akasoma tena. Kisha akaigeuza nikaona.

Jumatano, tarehe kumi, imekamilika.

Mvua ilikuwa imetulia, nilisikia jirani anapepeta mchele.

"Ilikubali," alisema.

"Ndiyo."

"Tarehe kumi."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakaa hapa nakusomea."

Nilitaka kumwambia kwa nini. Nilikuwa nayo yote, sabuni, nguo za kwenye kamba, kiti kinachosogea. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nilidhani siku zipo."

"Felisian," alisema. Tangu Jeni azaliwe hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Ungenidanganya mimi tu, ningebeba. Mimi na wewe tumezoea. Lakini yule mama amepanda."

Akaomba faili. Nikaliweka kwenye flash, nikampa. Hakukaa. Alipotoka alipita chumba cha Jeni, akachukua kanga yake aliyokuwa ameiacha kitandani.

Jumapili, 21 Machi

Sina cha kuandika.

Ijumaa, 26 Machi

Nimempigia. Hakupokea.

Jumapili, 4 Aprili

Pasaka. Nimemtumia salamu. Nimepeleka sabuni kwa jirani.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nimemtengenezea mtu printa na kumrudishia ikiwa bado mbovu.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimekwenda Bunda. Nilikuwa nimesikia Samweli amerudi. Niliona afadhali mtu mmoja wa mradi ajue kosa lilikuwa la nani, maana nilisikia Matrida ameandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Na nikiri, nilitaka pia kumwona huyo mtu usoni.

Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alifuta kiti kwa leso. Kwenye meza kulikuwa na picha ya mke na watoto mapacha. Nilimweleza yote tangu mwanzo, naye alisikiliza bila kunikatiza.

"Nitaandika kwamba haikuwa yeye," alisema. "Ila kaka, kuna jambo halinikai. Kwa nini mlihangaika na Bluetooth?"

"Waya wake hakuwa nao."

Akavuta droo. Waya ulikuwemo, umefungwa kwa mpira, na kitako cha kusimikia mashine.

"Huu hapa. Nilimwambia mwezi wa pili mwanzoni, lete, ni dakika tano. Hata siku ile ya kikao nilimkumbusha, nikamwambia mimi nasafiri, leta sasa. Akasema hapana, ana fundi wake Musoma. Nikamtania, huyo fundi ana nini? Akasema, 'Samweli, wewe niache. Mimi naendaga nyumbani.'"

Samweli aliendelea kuzungumza, juu ya Morogoro, juu ya mafuriko. Sikumsikia. Nilikuwa nautazama ule waya.

Jumapili, 18 Aprili

Alikuwa anakuja kwangu. Mashine ilikuwa kisingizio chake kabla haijawa changu.

Jumamosi, 24 Aprili

Butiama. Naandika nikiwa sebuleni kwa Mama Dorkas.

Nilifika asubuhi, nikamkuta Mama Dorkas shambani. Ni mwanamke mfupi, mkono mmoja umepinda kwa kuvunjika zamani. Pingili zilikuwa zimechipua vizuri, matuta yote, na kila chipukizi lilikuwa na majani yaliyojikunja, kijani na njano, madoa madoa. Hata mimi mtu wa kompyuta niliona.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Felisian."

"Marahaba. Najua. Unafanana na alivyokusema." Hakuongeza. Sikujua alivyonisema.

Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama kwenye mtaro, maji yameingia viatuni. Nilimwambia orodha ilikuwa kwangu tangu tarehe kumi. Aling'oa chipukizi moja, akaligeuza.

"Batobato mimi naijuaga tangu msichana," alisema. "Ikishaingia hailii wala haisemi, inakaa tu inakunja majani. Haya, mwanangu. Usiponisaidia kung'oa, itaenda kwa jirani."

Tuling'oa. Mchana Matrida alirudi kutoka vijijini, akatuona, akaweka baiskeli ukutani, akapandisha kanga magotini, akashika tuta la upande wa pili. Hakunisalimia. Tulifanya kazi sote watatu mpaka robo eka ikabaki udongo. Tulizirundika pingili zote shimoni, Mama Dorkas akafukia kwa mkono wake mmoja mzima na hakukubali kupokelewa jembe.

Jumapili, 25 Aprili

Baada ya misa tulikaa nje, Matrida na mimi, kwenye benchi la kufulia. Alikuwa anachambua maharage. Nikachukua sehemu yangu nikachambua.

"Samweli amenionyesha waya," nilisema.

Mikono yake ilisimama. Ikaendelea.

"Kwa nini hukuniambia, Mama Jeni?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilimwambia. Safari hii nilimwambia yote, hata uso niliokuwa nimeuandaa. Nilimwambia kuhusu chumba, kwamba siwezi kuingia, kwamba Jumapili ile aliponiuliza nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo, siwezi kuingia, twende wote. Nililia. Yeye pia machozi yalimtoka, lakini aliyafuta kwa mgongo wa mkono na kuendelea na maharage, kwa sababu vidole vilikuwa na vumbi.

"Siku ile nilikaa nangoja," alisema. "Nilijiambia, akisema neno moja tu kuhusu mtoto, sirudi Butiama. Nitaandika barua ya kuomba Musoma. Ukasema tuendelee kusoma."

"Nimesema sasa."

"Umesema."

"Basi rudi."

Kuku walikuja kwenye maganda, akawafukuza kwa mguu.

"Nimekusamehe, usifikiri bado. Ile ya mihogo nimeisamehe na Mama Dorkas amesamehe. Ila nimechoka, Felisian. Nikirudi, kila ukinyamaza nitajiuliza umeficha nini. Na wewe unanyamazaga sana. Siwezi kuishi nikibonyeza kila siku kuangalia mara ya mwisho ilikuwa lini." Akazoa maharage yote kwenye sufuria moja, yangu na yake. "Wameniomba Kibara, kule ziwani. Nimekubali. Mwezi wa sita."

Nilimwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, lakini nilisema.

Tulikula. Mama Dorkas alinifungia viazi vitamu kwenye mfuko, nikakataa, akasema mtu hatoki kwake mikono mitupu. Matrida akavaa kandambili, akaubeba ule mfuko, akatoka na mimi. Miaka yote ya ndoa yetu, nikisafiri aliniaga mlangoni, akarudi kwenye shughuli zake, maana mtu wa nyumbani hasindikizwi. Leo alitembea nami njia nzima, kandokando ya matuta matupu, mpaka barabara kubwa. Gari lilipokuja alinipa mfuko, akanishika mkono.

"Karibu tena," aliniambia.